Kuongeza diski kwenye kompyuta ya mezani ya zamani: mwongozo kamili wa upande wa umeme

Studio nyingi za picha na video hapa Bukavu zinaendeshwa na kompyuta za mitumba: Dell OptiPlex, HP Compaq, Lenovo ThinkCentre, mashine zilizokuwa za ofisi huko Ulaya kabla hazijafika Kadutu au Nyawera. Zilitengenezwa zibebe diski moja au mbili na kisoma CD kimoja. Mwenye studio anarekodi harusi, mahari, misa za shukrani, na msimu mmoja unatosha kuijaza diski ile. Ananunua ya pili, ananunua ya tatu, anafungua kasha, na humo ndani hakuna kichwa cha umeme kilichobaki. Anashuka sokoni, anarudi na waya wa kugawia wa bei ndogo, anachomeka, kompyuta inawaka, kazi inaendelea.

Hapo ndipo ninapokuwa na wasiwasi. Kompyuta ikiungua utapata nyingine. Ndani ya zile diski kuna harusi za watu ambazo hazipo mahali pengine popote.

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: "Papa fundi, hii alimantasio itaweza?" Alimantasio ni lile boksi la umeme ambalo wenzetu wa Kenya na Tanzania huliita pawa saplai. Mara nyingi itaweza. Kinachoshindwa kabla yake ni waya wa kugawia na kichwa chake, na huko ndiko nitakakokaa muda mrefu zaidi. Lakini tuanze na mashine yenyewe.

Hatua ya kwanza: tambua aina ya alimantasio uliyo nayo

Chomoa waya wa ukutani, fungua kasha, tafuta kichwa kikubwa kinachotoka kwenye alimantasio na kuingia kwenye bodi mama. Hesabu pini zake. Zikiwa 24 (au 20 kwa mashine za zamani zaidi) una alimantasio ya kawaida ya ATX, kama kwenye OptiPlex 780. Diski zake hupewa umeme moja kwa moja na alimantasio, na siku ikifa unaweza kuweka nyingine yoyote ya ATX, ilimradi iingie kwenye kasha.

Zikiwa 14, 8 au 6, mambo yanabadilika. Lenovo M93 ina pini 14, OptiPlex 9020 ina 8, HP ProDesk 600 G1 ina 6. Katika mashine hizi alimantasio hutoa volti 12, na bodi mama ndiyo inayotengeneza volti 5 za diski. Umeme wa diski hutoka kwenye kichwa kidogo kilichopo juu ya bodi yenyewe. Njia za shaba za bodi hiyo zilipimwa kwa diski mbili hivi na kisoma CD. Ukizigawia diski nne, kitakachoungua ni bodi. Ukikuta una mashine ya namna hii, soma hatua mbili zinazofuata, kisha uende kwenye sehemu ya mashine za pini chache.

Kabla ya kufunga kasha, angalia nyuma ya alimantasio. Za zamani zina swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Umeme wetu ni volti 220, kwa hiyo lazima isomeke 230. Mashine zilizotoka Marekani huja zikiwa kwenye 115, na ukizichomeka hivyo alimantasio inalipuka papo hapo.

Zisizo na swichi, zilizoandikwa 100–240V, ni bora sana kwa mji wetu. Jioni, nyumba zote za Kadutu na Panzi zikiwa zimewasha majiko, umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, hushuka. Ile ya swichi huanza kuchoka umeme ukifika chini ya volti 180 hivi, na diski zikianza kuzunguka wakati huo huo kompyuta huzima. Ile ya 100–240 haitetereki. Ukiwa na nafasi ya kuchagua kati ya mbili sokoni, chukua hiyo hata kama wati zake ni chache kidogo.

Hatua ya pili: soma lebo, piga hesabu ya volti 12

Watu husoma namba kubwa, wati 300 au 350, wakaridhika. Namba hiyo imejumlisha kila kitu. Diski kubwa ya inchi 3.5 hutumia volti 12 kuzungusha mota na volti 5 kuendesha bodi yake, kwa hiyo kinachokuhusu ni ampea zilizoandikwa mbele ya +12V. Alimantasio za miaka ya mwanzo wa 2000 zilikuwa na nguvu nyingi kwenye volti 5 na kidogo tu kwenye 12, kwa sababu prosesa za wakati ule zilikula volti 5. Unaweza kukuta imeandikwa wati 300, na kwenye 12V ni ampea 13 tu, yaani wati 156.

Lebo ya diski nayo inahitaji kusomwa kwa makini. Utaona kitu kama 12V 0.55A. Hicho ndicho inachotumia ikiwa tayari inazunguka. Inapoanza, kwa sekunde chache, diski ya inchi 3.5 huvuta karibu ampea 2 kwenye volti 12. Kompyuta ya kawaida huziwasha diski zote kwa pamoja, kwa hiyo hesabu ya kweli ni ya dakika ile ya kuwasha.

Chukua mfano. Prosesa ya wati 65 itakula kama ampea 6.5 za volti 12, ukihesabu na zinazopotea njiani. Feni tatu ni 0.6. Diski nne zinapoanza ni 8. Jumla 15.1. Kama lebo inasema 17A, kwenye karatasi inaingia. Lakini alimantasio hiyo imeshafanya kazi miaka kumi au zaidi, kapasita zake (vile vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme) zimekauka, na mimi siihesabii zaidi ya asilimia 80 ya kilichoandikwa. Asilimia 80 ya 17 ni 13.6. Basi hapo ni diski tatu. Ukiwa na kadi ya video isiyo na waya wake wa umeme, nayo inaweza kuvuta hadi ampea 5.5 kupitia bodi mama, na hesabu inavunjika kabisa.

Diski ndogo za inchi 2.5, zile za kompyuta mpakato, hazitumii volti 12 kabisa. Zinaanza kwa ampea moja hivi ya volti 5, kisha wati 2 au 3. SSD, yaani diski zisizo na kitu kinachozunguka, ni hivyo hivyo. Alimantasio ikiwa dhaifu, nunua hizo na suala la nguvu limekwisha.

Hatua ya tatu: waya wa kugawia

Hapa usiwe na haraka.

Kwenye alimantasio ya kawaida utakuta vichwa vya aina mbili. Cha SATA ni bapa, kina pini 15, na mdomo wake una umbo la L. Cha Molex ni kipana, kina pini nne nene: waya wa njano ni volti 12, mwekundu ni volti 5, na nyaya mbili za katikati, nyeusi, ni za kurudisha umeme. Mashine nyingi za zamani zina Molex mbili au tatu zinazoning'inia bila kazi kwa sababu diski za IDE, zile za kabla ya SATA, zilizozitumia hazipo tena. Hizo ndizo mali yako.

Pini moja ya SATA imeruhusiwa kubeba ampea 1.5, na kuna pini tatu kwa kila volti. Hiyo ni ampea 4.5 kwa kichwa kizima. Ukigawa kichwa kimoja cha SATA kwenda diski mbili kubwa, dakika ya kuwasha zitavuta 4, na umebaki na kinafasi kidogo. Ukigawa kwenda nne, zinavuta 8, na pini zile nyembamba zinaanza kupika plastiki iliyozishika. Pini ya Molex ni nene na hubeba mzigo mkubwa zaidi bila shida. Kwa hiyo umeme wa kugawa uchukue kwenye Molex kila inapowezekana, na usipite diski tatu kwa Molex moja.

Lakini waya wa kutoka Molex kwenda SATA ndio ule ule uliounguza kompyuta nyingi duniani kote, na sababu ni jinsi unavyotengenezwa. Kuna aina mbili. Ya kwanza, kichwa cha SATA kimemiminwa: nyaya zimepangwa ndani ya kalibu, plastiki ya moto ikamwagwa juu yake. Wakati wa kumwaga, waya unaweza kusogea na kumkaribia mwenzake, na hakuna mtu atakayeona. Kichwa kinafanya kazi vizuri miezi sita, plastiki inapata joto kila siku, mwishowe volti 12 inagusa ule mweusi. Alimantasio nzuri ingezima. Yetu ya zamani inaendelea kusukuma umeme, na kichwa kinayeyuka kikiwa bado kimeshikana na diski.

Aina ya pili, kila waya umebanwa kwenye pini yake ya chuma, na nyuma ya kichwa kuna kifuniko kinachofunguka. Nyaya zinaingia moja moja, unaziona zilivyokaa. Hiyo ndiyo ya kununua.

Ukiwa dukani, geuza kichwa cha SATA uangalie mgongo wake. Ukiona nyaya zinazama ndani ya tofali moja la plastiki laini lisilo na mshono, rudisha. Ukiona mshono wa kifuniko, na nyaya zinapita kwenye vitundu vyake, endelea. Kisha soma maandishi yaliyo kwenye waya wenyewe: AWG ni kipimo cha unene wa waya, na namba ikiwa kubwa waya ni mwembamba. AWG 18 ni unene mzuri, wa milimita za mraba 0.8 hivi; AWG 20 inakubalika kwa diski moja; 22 au 24 iache. Tofauti ya bei kati ya waya mzuri na mbaya haifiki hata bei ya nakala moja ya video ya mteja.

Jambo jingine linalouzwa sana siku hizi ni nyaya za alimantasio zinazochomolewa, zinazouzwa peke yake bila alimantasio yake. Usichomeke waya wa alimantasio nyingine hata kama kichwa kinaingia vizuri kabisa. Upande wa diski umepangwa na kanuni moja kwa wote. Upande wa alimantasio kila kiwanda hupanga pini kivyake. Volti 12 ikiingia mahali pa volti 5, diski zote zilizo kwenye waya huo zinakufa kwa sekunde moja.

Hatua ya nne: pima kabla ya kuchomeka diski yenye data

Multimita ya bei ndogo inatosha. Chomeka waya mpya kwenye alimantasio bila diski yoyote, washa kompyuta, weka multimita kwenye volti za DC. Mguu mweusi kwenye waya mweusi wa Molex, mwekundu kwenye njano: usome kati ya 11.40 na 12.60. Kisha kwenye waya mwekundu: kati ya 4.75 na 5.25. Nje ya hapo, alimantasio hiyo si ya kubeba diski za mtu.

Zima. Sasa chomeka diski ambayo hujali ikifa, hata ya GB 80 ya zamani. Kila studio ina moja kwenye droo. Acha Molex moja wazi kwenye mstari huo huo ili uweke multimita, washa tena, uangalie wakati diski inaanza kuzunguka. Volti 12 ikishuka kutoka 12.1 hadi 11.8 kisha ikarudi, ni sawa. Ikigusa 11.5, jua kwamba kwa kweli ilishuka zaidi, kwa maana multimita ni nzito kufuata mambo ya haraka kama hayo. Hapo punguza diski au badilisha alimantasio.

Usifungue alimantasio yenyewe ili kuona ndani. Kapasita yake kubwa hushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa. Kama ina kapasita zilizovimba, mara nyingi utazikuta na kwenye bodi mama, karibu na prosesa, vichwa vyao vikiwa vimetuna au vina ute wa kahawia. Hiyo inatosha kukuambia umri wa mashine yote.

Hatua ya tano: kufunga

Zima, chomoa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja ili umeme uliobaki utoke, gusa chuma cha kasha. Funga diski kwa skrubu zake, zote nne ukiweza, kwa sababu mtikisiko wa diski moja huisumbua jirani yake. Acha nafasi ya diski moja kati ya mbili. Ukikosa nafasi, weka feni ya mbele izipulizie. Joto la diski lisipite nyuzi 45.

Kichwa cha SATA kiingize kikiwa kimenyooka. Ukikilaza upande, kile kiulimi chembamba cha plastiki kwenye diski kinavunjika, na kukirekebisha ni kazi ngumu. Molex nayo ina pembe mbili zilizokatwa ili isiingie kinyume, lakini zikiwa zimechakaa mtu mwenye nguvu anaweza kuigeuza na kuilazimisha. Ikikataa kuingia, igeuze uangalie njano iko upande gani.

Nyaya zifunge mbali na feni, na zisivutike. Kichwa kinachovutwa na waya mfupi hakishiki pini zote sawasawa. Pini chache zikibeba mzigo wa zote, joto linaanzia hapo.

Diski mpya inakataa kuzunguka

Hili huwapata walionunua diski kubwa zilizotolewa kwenye maboksi ya USB au kwenye seva. Unachomeka, kimya kabisa, unadhani umeuziwa mfu. Diski hizi za karibuni hutumia pini ya tatu ya umeme wa SATA kama amri ya kuzima. Alimantasio ya zamani hupeleka volti 3.3 kwenye pini hiyo hiyo, na diski inatii kwa kubaki imelala.

Dawa ni rahisi. Waya wa kutoka Molex hauna volti 3.3, kwa hiyo ukitumia huo diski inaamka yenyewe. Kama lazima utumie kichwa cha SATA cha alimantasio, ziba pini tatu za kwanza za diski kwa kipande kidogo cha utepe wa Kapton, utepe mwembamba usiopitisha umeme na unaostahimili joto. Pini ya kwanza ni ile iliyo upande wa kichwa cha data.

Mashine za pini 14, 8 au 6

Kwa hizi ushauri wangu wa kwanza ni boksi la nje la diski lenye adapta yake ya volti 12, ampea 2 kwa kila diski. Linaunganishwa kwa USB 3.0 kama mashine inayo, na bodi mama haibebi mzigo wowote. Ndani ya kasha bakiza SSD ya mfumo na diski moja kubwa.

Kuna nyaya za kubadilisha zinazowezesha alimantasio ya ATX ya pini 24 kuendesha bodi ya pini 8 au 14. Zinafanya kazi, ila lazima ziwe za modeli yako hasa, na kwenye makasha madogo alimantasio ya ATX haiingii.

Njia ya tatu ni alimantasio ya pili kwa ajili ya diski tu, ikiwashwa na bodi ndogo yenye relei (swichi inayosukumwa na umeme) inayochukua ishara kutoka Molex ya ile ya kwanza, ili zote ziwake na kuzima pamoja. Wapo wanaounganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha chuma na kuwasha kila moja kwa mkono wake. Kwa kujaribia mezani, sawa. Kwa studio ambayo umeme unakatika mara kwa mara, sikubali, kwa sababu diski zitapoteza umeme wakati kompyuta bado inaziandikia, au kinyume chake.

Baada ya kuwaka

Kama diski inazidi TB 2, unapoigawa mara ya kwanza chagua mpangilio wa GPT badala ya ule wa zamani wa MBR, la sivyo kilichozidi hapo hutakiona. Kwenye BIOS, yaani mipangilio ya bodi mama unayoifungua kompyuta inapowaka, hakikisha mlango wa SATA uliotumia haujafungwa.

Sasa sakinisha CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski, au smartctl kama unatumia Linux, na uandike kwenye daftari namba nne za kila diski: 05, C5, C7 na C0 (smartctl huziandika 5, 197, 199 na 192). Mbili za kwanza ni za uso wa diski: vipande vilivyohamishwa na vinavyosubiri. C7 huhesabu makosa ya waya wa data. Ikipanda, badilisha waya huo, wala usiishuku alimantasio kwanza. C0, kwa diski zinazoitoa, huhesabu mara ambazo diski ilipoteza umeme ghafla. Hiyo ndiyo ya kuangaliwa na mtu aliyegawa umeme. Ikipanda wakati kompyuta haikuzimika hata mara moja, kuna kichwa kinachoachia.

Weka onduleri, yaani UPS, boksi lenye betri linaloshikilia umeme ukikatika. Ya VA 650 inatosha kompyuta na skrini kwa dakika chache, muda wa kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Umeme wa bwawa la Ruzizi ukikatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika moja, kila kurudi ni kuwasha diski zote upya kwa ampea zake 2 kila moja, na hakuna kinachochosha alimantasio ya zamani kama hicho.

Wiki moja baada ya kufunga, baada ya saa mbili za kazi, zima na uguse kila kichwa ulichoongeza. Uvuguvugu si tatizo. Kikiwa cha moto, kichomoe uangalie pini kwa tochi: zinatakiwa kung'aa, na plastiki iwe na rangi yake. Ukiona rangi ya kahawia kuzunguka pini ya volti 12, au ukisikia harufu ya plastiki iliyoungua, waya huo utupe siku hiyo hiyo, na kila diski iliyokuwa juu yake uitolee nakala kabla hujaiwasha kwa kazi nyingine.